Pesa za Simu na Kazi Nje ya Shamba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara, Mombasa na Vijiji Vyake

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya watu wa Kaloleni, Rabai, Kinango, Ganze, Bamba na kwingineko ambao riziki yao imegawanyika: mguu mmoja shambani, mwingine Mombasa. Ada za M-Pesa zilizotajwa ni zile zilizoanza baada ya ushuru kupandishwa hadi asilimia 15 mwaka 2023. Ada hubadilika, kwa hiyo tazama bango la wakala kabla ya kupiga hesabu zako.

Ni kweli pesa za simu zinawatoa watu kwenye jembe, au ni maneno ya matangazo?

Ni kweli, ila kwa kiasi. Utafiti unaotajwa sana ni wa Tavneet Suri na William Jack, uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2016. Walilinganisha sehemu za Kenya zilizopata mawakala wengi wa M-Pesa na zile zilizopata wachache. Wakakadiria kwamba kaya kama 194,000 zilitoka kwenye ufukara, na kwamba wanawake wapatao 185,000 waliacha kutegemea kilimo cha kujikimu wakashika biashara. Nyumba zinazoongozwa na wanawake ndizo zilizofaidika zaidi.

Kwingine picha ina pande mbili. Nchini Msumbiji, huduma hizi zilipofikishwa vijijini watu walihama zaidi na fedha zilizowekwa shambani zikapungua. Bangladesh nako, familia za wilaya ya Gaibandha zilipofundishwa kutumia pesa za simu, jamaa zao walioko Dhaka walituma zaidi na umaskini nyumbani ukapungua, lakini wale wa Dhaka wakawa wanafanya kazi saa nyingi zaidi na afya zao zikazorota. Anayesema ni neema tupu hajauliza upande wa anayetuma.

Kazi nje ya shamba ni zipi hasa huku Pwani?

Kibarua cha kupakia na kupakua mizigo, viwanda vya EPZ (maeneo ya kutengeneza bidhaa za kuuza nje), kazi za hoteli Nyali, Shanzu na Diani, ulinzi, kazi za nyumbani, ujenzi, bodaboda na tuktuk. Kule kijijini kuna kuchonga mawe timboni, kupasua kokoto, kusuka makuti, cherehani, duka, kukaanga samaki, viazi karai na mahamri ya asubuhi. Kugema mnazi kumekaa katikati ya kazi ya shamba na ya nje ya shamba, na mgema mwenyewe hana haja ya kujua amewekwa fungu gani.

Simu inaleta kazi vipi, na yenyewe haiajiri mtu?

Inaondoa kizuizi. Kabla ya M-Pesa kuanza mwaka 2007, aliyekuwa na kibarua Mombasa alituma pesa nyumbani kwa bahasha, mkononi mwa dereva wa matatu au jamaa anayerudi. Bahasha ikichelewa, mbuzi anauzwa kwa bei ya shida. Ikipotea, kesi. Wengi waliona heri kukaa karibu na nyumbani na kulima kidogo kuliko kwenda mbali na kuacha watu wao bila msaada.

Sasa mtoto akiugua Bamba usiku, pesa ya gari na dawa inafika kabla hajavalishwa shuka. Hilo limepimwa. Suri na Jack walionyesha mwaka 2014 kwamba kaya zisizotumia M-Pesa zikipatwa na janga, matumizi yao hushuka kwa asilimia 7 hivi, na ya watumiaji hayashuki. Ukijua nyumbani hapataanguka ukiwa mbali, unathubutu kukubali kazi ya mbali, hata ile ya miezi mitatu tu.

Halafu kuna jambo ambalo watu hawalioni upesi. Vijana ishirini wa kijiji kimoja wakituma pesa kila Jumamosi, pesa hizo hutumika palepale. Fundi anaitwa kuezeka, cherehani inapata sare za kushona, mama karanga (mkaanga samaki) anauza samaki hadi jioni. Kazi nyingi za nje ya shamba zinazozaliwa kijijini hutoka hapo, kwenye mfuko wa jirani aliyetumiwa.

Mbona basi wengi wana simu na hawana kazi?

Kwa sababu kuwa na laini si kuwa na mtaji wala ujuzi. Takwimu za FinAccess, utafiti wa kitaifa kuhusu huduma za fedha, zinasema watu wazima wanaofikiwa na huduma rasmi za fedha Kenya walikuwa asilimia 26.7 mwaka 2006, na mwaka 2024 walikuwa asilimia 84.8. Ajira haikupanda kwa kasi hiyo hata kidogo. Kwa maoni yetu, kilichosaidia zaidi ni kutuma na kuweka. Mkopo umesaidia wachache, na kubeti kwa simu kumewarudisha nyuma wengi, hasa vijana wa bodaboda wanaongoja abiria na simu mkononi.

Nalipwa 700 kwa siku Changamwe. Nitume nyumbani kila siku au nikusanye?

Kusanya. Tuseme unafanya kazi siku sita na unatuma zote. Kutuma 700 ni shilingi 13, na anayepokea akizitoa kwa wakala anakatwa 29. Hiyo ni 42 kwa siku, yaani 252 kwa wiki. Ukikusanya 4,200 na kutuma mara moja, kutuma ni 57 na kutoa ni 69, jumla 126. Umeokoa nusu nzima. Kwa wiki nne ni shilingi 504, na hizo ni unga.

Shida ya kukusanya ni kishawishi. Pesa zikikaa kwenye salio la kawaida zinaliwa na vocha, chai na rafiki wa Ijumaa. Zihamishie M-Shwari, akaunti ya akiba na mikopo iliyo ndani ya M-Pesa, kila jioni, maana kuhamisha kati ya M-Pesa na M-Shwari hakuna ada, kisha Jumamosi zirudishe na utume. Aliyeko nyumbani naye asitoe zote. Duka la unga likiwa na tili (namba ya duka ya kupokelea malipo ya M-Pesa), alipe moja kwa moja. Mnunuzi hakatwi kitu kwa tili, ilhali akienda kwa wakala kutoa 300 anakatwa 29, karibu shilingi moja katika kila kumi.

Tahadhari ndogo: wenye duka wengine humwongezea mteja bei akilipa kwa simu ili wafidie wanachokatwa. Uliza kabla.

Laini ninayotumia si yangu. Kuna ubaya?

Ubaya mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mwingine, pesa zilizomo kisheria ni zake, historia ya miamala ni yake, na kiwango cha mkopo kinajengeka kwa jina lake. Ikipotea, huwezi kuirudisha bila yeye. Siku mkigombana, anaifunga.

Piga *106# uone laini za Safaricom zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua, ikanushe. Ambaye hana kitambulisho aanze hapo kabla ya jambo lingine lolote. Bila kitambulisho hakuna laini, hakuna PIN ya KRA (namba ya mlipa kodi), na viwanda na kampuni za ulinzi havikuandiki. Hii ni sababu mojawapo inayowafungia vijana wa vijijini milango ya kazi rasmi mjini, na haihusiani na teknolojia.

Nauza samaki wa kukaanga. Nipokee kwa namba yangu, kwa Pochi la Biashara au kwa tili?

Inategemea mzunguko wako na ukubwa wa malipo.

Namba yako ya kawaida ni rahisi, lakini inachanganya pesa ya samaki na ya nyumba, na mteja mbaya anaweza kuomba muamala urudishwe akiwa tayari amekula. Pochi la Biashara hukaa kwenye laini ileile ila salio lake ni la pembeni. Unalifungua kwa *334#, bila karatasi za biashara, na mteja hawezi kurudisha pesa bila ridhaa yako. Kasoro yake ni kwamba mteja hulipa ada kama ya kutuma. Anayenunua samaki wa 80 haoni tofauti, kwa kuwa kutuma hadi shilingi 100 ni bure. Anayenunua wa 450 anakatwa 7.

Kwenye tili ya Lipa na M-Pesa mteja halipi ada, wewe ndiye unayekatwa asilimia 0.55, na malipo yasiyozidi 200 hayakatwi. Kwa mama karanga ambaye wateja wake wengi wananunua chini ya 200, tili ni karibu bure. Huombwa kitambulisho na PIN ya KRA. Ukianza leo na sahani moja ya dagaa na changu wachache, anza na Pochi. Mauzo yakizoeleka, nenda kwenye tili.

Vyovyote vile, pesa ya mtaji isitoke humo. Jioni, kabla ya kununua chochote cha nyumbani, tenga kwanza kiasi cha samaki wa kesho, mafuta na makaa. Biashara nyingi za kukaanga hazifi kwa kukosa wateja. Hufa kwa sababu pesa ya kesho imelipia sukari ya leo.

Mteja ameonyesha ujumbe wa malipo na pesa hazikuingia. Inakuwaje?

Ujumbe wa uongo. Wa kweli huingia kwako, si kwake, na unakuja ndani ya mfululizo wa MPESA ambamo zimo jumbe zako za zamani. Ukitoka kwenye namba ya kawaida, hata uwe na maneno yaleyale na msimbo wenye herufi na tarakimu, si malipo. Usisome ujumbe peke yake. Tazama salio. Jioni kukiwa na msongamano ndipo wanapokuja, wakijua mikono yako ina mafuta na macho yako yana moshi.

Kuna na ile ya kupigiwa simu: "Mama, nimekutumia elfu mbili kimakosa, nirudishie." Usitume chochote. Mwambie aupeleke ujumbe wake wa muamala kwa 456, njia rasmi ya kurudishiwa. Kama kweli alikosea, atarudishiwa bila wewe kugusa pesa zako. Safaricom hupigia wateja kwa 0722000000 tu, na hawaulizi namba ya siri. Jumbe za kitapeli zipeleke 333.

Tajiri anataka kunilipa kwa simu badala ya noti. Nikubali?

Kubali kwa mikono miwili. Malipo ya simu yanaacha alama, na alama hiyo ndiyo silaha ya kibarua. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua wa kutwa aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja au zaidi anaanza kuhesabiwa kama mwajiriwa wa mshahara wa mwezi, pamoja na haki ya notisi. Tatizo huwa ni ushahidi. Aliyelipwa noti getini kwa miezi minane hana cha kuonyesha. Aliyelipwa kwa M-Pesa anayo taarifa ya miamala yenye tarehe na jina la aliyemtuma.

Jinsi ya kuipata: ingia kwenye programu ya M-Pesa au *334#, nenda kwenye akaunti yako, omba taarifa kamili, chagua miezi, weka barua pepe. Inakuja ikiwa imefungwa, na msimbo wa kuifungulia unaletwa kwa ujumbe wa simu. Ichapishe ukiwa bado kazini, usingoje kufukuzwa. Madai ya ajira yana muda wa miaka 3.

Angalia jambo moja. Msimamizi akikulipa kutoka kwenye laini yake binafsi, jina la kampuni halionekani. Andika kwenye daftari tarehe, zamu na mahali, ili viende pamoja na miamala. Na ada ya kutoa isikatwe kwenye ujira mliokubaliana bila kuambiwa. Elewaneni siku ya kwanza.

Nianze biashara kwa mkopo wa simu?

Mara nyingi, hapana. Hapa ndipo watu wengi huumia, kwa hiyo tukae kidogo.

Mkopo wa M-Shwari una ada ya asilimia 7.5 pamoja na ushuru, kwa siku 30. Ukikopa 3,000, ada ni 225 kabla ya ushuru. Inaonekana ndogo kwa sababu ni ya mwezi. Ukiurudia mwezi baada ya mwezi kwa mwaka, umelipa asilimia 90 ya pesa uliyoshika. Ukichelewa, ada inatozwa tena.

Swali la kujiuliza ni moja: pesa hii inarudi baada ya siku ngapi? Mama karanga akinunua samaki wa 3,000 asubuhi na kuwamaliza kesho yake, mtaji umerudi ndani ya siku mbili. Akibaki na faida ya 400 kila mzunguko, 225 inalipika na salio lipo. Fundi anayenunua saruji kwa kazi itakayolipwa wiki ijayo, naye sawa. Lakini anayekopa kununua cherehani, kuku wadogo, au kulipa trekta kabla ya masika, amechukua pesa ya siku 30 kwa kazi ya miezi mitatu au zaidi. Mahindi hayaangalii tarehe ya mkopo. Atakopa kwingine kulipia, kisha kwingine tena.

Fuliza si mtaji. Iliyoanza mwaka 2019 kama njia ya kukamilisha muamala salio likipungua, ina ada ya kila siku, na kila shilingi inayoingia kwenye laini yako inalipa deni kwanza. Mfanyabiashara mwenye Fuliza hupokea malipo ya mteja na kuyaona yakitoweka. Ndiyo sababu nyingine ya kutenga biashara na laini ya nyumbani.

Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali ulioanza Novemba 30, 2022, ni rahisi zaidi kwa riba: asilimia 8 kwa mwaka, kupitia *254#, mikopo ya 500 hadi 50,000. Kwa 3,000 kwa siku 14, riba ni kama shilingi 9. Asilimia 5 inawekwa akiba, hivyo mkononi utapata 2,850. Kasoro yake ni muda mfupi wa siku 14 na kwamba wengi huanzia kiwango cha chini sana. Inafaa kwa anayezungusha mali upesi, basi.

Kwa kitu kinachodumu kama mashine au jiko kubwa, bado chama au SACCO (ushirika wa akiba na mikopo) ni bora. Unaweka kwanza, unakopa baadaye, na unalipa kwa miezi.

Bodaboda ya mkopo inalipa?

Inaweza, ukijua bei yote kabla ya kuweka kidole. Mfano wa hesabu tu: pikipiki ya 190,000 taslimu. Amana ni 25,000, kisha 450 kila siku kwa miezi 18, tuseme siku 540. Malipo ya kila siku ni 243,000, ukiongeza amana ni 268,000. Umelipa 78,000 zaidi. Si lazima iwe dhambi, kwa kuwa pikipiki inafanya kazi huku ukilipa, lakini ijue.

Kinachoangusha watu ni siku za kutolipwa. Deni linahesabu hata Jumapili, hata siku ya msiba, hata wiki ya mvua ambapo barabara ya udongo haipitiki. Kwa hiyo usipige hesabu ya mapato ya Desemba. Piga ya Mei. Kama Mei, ukitoa mafuta na oili, huwezi kubaki na mara mbili ya malipo ya siku, pikipiki hiyo itachukuliwa. Mkopeshaji huweka kifaa cha kuifuatilia, kwa hivyo kuificha Kinango hakusaidii.

Uliza na uandikiwe: jumla ya kulipa, faini ya kuchelewa, bima iko ndani au nje, kitabu cha umiliki kitahamishwa lini, na ikichukuliwa baada ya mwaka wa kulipa unarudishiwa nini. Jibu la mwisho huwa ni "hakuna". Heri ulisikie mapema.

Nikifungua uwakala kijijini, nitapata riziki?

Ukiuweka pembeni ya duka, ndiyo. Peke yake, ni vigumu. Kamisheni ni ndogo kwa kila muamala na huja mwisho wa mwezi, ilhali kodi ya kibanda ni ya sasa.

Ugumu wenyewe ni floti, yaani salio la uwakala lililo kwenye simu. Mjini, wenye biashara huweka na wafanyakazi hutoa, pesa zinazunguka. Kijijini karibu kila mtu anatoa, kwa sababu pesa zinakuja kutoka Mombasa. Mwisho wa mwezi na siku ya chete (gulio), noti zinakwisha saa nne asubuhi na simu yako imejaa floti isiyo na kazi. Mteja aliyekosa noti mara mbili harudi, ataenda Mariakani na kununua na sukari hukohuko.

Dawa ni mwenye duka la jumla. Yeye hukusanya noti siku nzima na anahitaji kulipa wasambazaji wake kwa simu. Mkielewana, jioni anakupa noti, wewe unamwekea kwenye akaunti, na wote wawili hamna safari ya benki na bunda mfukoni. Kama mtaji wako ni 100,000, kijijini mwisho wa mwezi shika kama 70,000 noti na 30,000 floti. Jirani na soko la Kongowea mgawanyo huo unaweza kugeuka kabisa.

Usimruhusu mtu "akusaidie" kubonyeza simu ya uwakala. Usitoe noti kabla ujumbe haujaingia kwenye simu yako. Na usiweke pesa moja kwa moja kwenye namba ya mtu wa mbali ili mteja akwepe ada ya kutuma. Inakatazwa, na ukikamatwa laini inafungwa.

Apu ya mkopo inapigia ndugu zangu. Wana ruhusa?

Hawana. Kanuni za Benki Kuu za Machi 2022 zinawataka wakopeshaji wa kidijitali wawe na leseni, na zinakataza vitisho, matusi na kupigia watu walio kwenye simu yako ili kukuaibisha. Hifadhi jumbe, andika saa za simu, kisha lalamika Benki Kuu na kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Kabla ya kukopa, tafuta jina la kampuni kwenye orodha ya wenye leseni iliyo kwenye tovuti ya Benki Kuu. Deni lenyewe bado ni lako. Dawa ya deni ni kulipa.

Nimewekwa CRB kwa deni dogo. Nitakosa kazi?

Mwajiri wa kibarua hana habari na CRB, yaani kampuni zinazoweka kumbukumbu za wakopaji. Baadhi ya kazi za fedha, kama ukarani wa benki, hutaka cheti. Tangu kanuni za mwaka 2020, deni lisilofika shilingi 1,000 halipelekwi kama taarifa mbaya. Kampuni ni tatu, TransUnion, Metropol na Creditinfo, na kila moja inakupa ripoti moja ya bure kwa mwaka. Soma yako kabla ya kumlipa mtu wa mtandaoni anayedai "kufuta jina". Hafuti. Hulipa yeye kwa pesa yako na kubaki na chenji.

Nimeambiwa nilipe 3,000 kwa simu nipate kazi bandarini. Na mwingine anasema Saudia.

Kazi ya kweli haiuzwi kwa namba ya mtu binafsi. Wakala wa kazi za nje lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na unaweza kuuliza jina lake huko kabla ya kutoa hata senti. Ukishatuma, peleka ujumbe kwa 456 papo hapo, kwa kuwa tapeli hutoa pesa ndani ya dakika chache, na salio likiwa sifuri hakuna cha kurudisha.

Pesa hiyohiyo ingekufaa zaidi kwenye mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani. Vijijini tele kuna waashi na mafundi umeme wanaojua kazi na hawana karatasi, wanalipwa kama wasaidizi kwenye majengo ya Mtwapa.

Chama chetu cha akina mama kiweke pesa kwenye simu ya mweka hazina?

Msifanye hivyo, hata awe mwaminifu namna gani. Akifariki, pesa hizo zinaingia kwenye mirathi yake na mtazifuata kwa miezi. Akiwa na Fuliza, mchango wenu unalipa deni lake siku unapoingia. Fungueni akaunti ya kikundi benki au SACCO yenye namba ya Paybill na saini tatu, kila mmoja alipe kwa simu yake na jina lake lionekane. Wenzetu ambao simu ni ya mume wana la ziada: laini ya jina lako mwenyewe, hata kwenye simu ya batani, ni hatua kubwa kuliko mkopo wowote.

KRA wanakata kodi pesa nikitumiwa na mume?

Hapana. Pesa ya matumizi ya nyumbani si mapato ya biashara. Biashara ikiuza zaidi ya shilingi milioni 1 hadi milioni 25 kwa mwaka, kodi ya mauzo ni asilimia 3. Viazi karai vya mlangoni haviko huko.

Basi niache shamba?

Tazama kalenda kwanza. Hoteli za Diani na Nyali hupunguza vibarua Aprili hadi Juni, wakati watalii ni wachache. Miezi hiyohiyo ndiyo ya masika, shamba linaita mikono. Upepo wa kusi nao huchafua bahari, samaki wanapungua na bei inapanda, mama karanga anauza kidogo. Mwenye shamba anarudi kupanda mahindi kwa pesa aliyofungia tangu Desemba. Aliyeliacha likawa pori anakaa mjini akilipa kodi ya chumba bila kazi. M-Shwari ina sehemu ya kufungia akiba kwa mwezi 1 hadi 12. Funga Desemba, ifunguke Machi mwishoni, kabla ya mvua.

Simu imeibwa Likoni kwenye feri. Nifanyeje kwanza?

Azima simu ya Safaricom, piga 100, uombe laini ifungwe, ukiwa na namba ya kitambulisho na ukikumbuka miamala ya karibuni. Kisha nenda duka la Safaricom na kitambulisho chako ubadilishiwe laini. Usingoje kufika nyumbani. Namba ya siri isiwe mwaka wa kuzaliwa, kwa sababu mwizi mara nyingi anachukua simu na pochi yenye kitambulisho pamoja.